Mzee ana Parkinson na dawa haimsaidii? Angalieni tumbo kwanza

Ndugu wanaomleta kliniki mzazi mwenye ugonjwa wa Parkinson huwa nategemea waniulize kuhusu kutetemeka. Wengi hawaanzii hapo. Wanazunguka kidogo, maana mzee mwenyewe amekaa pale na jambo lina aibu, halafu binti au mkwe anainama na kusema kwa sauti ya chini: "Dokta, baba leo siku ya sita hajapata choo."

Wiki hii nataka tulizungumze jambo hilo kwa uwazi. Kwa mgonjwa wa Parkinson, kukosa choo, kujaa gesi, kichefuchefu na kupaliwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Tena kuna jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa: tumbo likigoma, dawa ya Parkinson nayo haifiki inakotakiwa kufika. Mzee anaongezewa vidonge, kumbe alivyonavyo vinatosha ila vimekwama tumboni.

Kwa asiyeufahamu, Parkinson ni ugonjwa wa ubongo ambamo seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini zinakufa polepole, mwaka hadi mwaka. Dopamini ndiyo inayorahisisha mwendo wa mwili. Ikipungua, mkono mmoja unaanza kutetemeka ukiwa umetulia mapajani, hatua zinakuwa fupi, mwandiko unakuwa mdogo, na kufunga vifungo vya shati kunachukua robo saa. Ndio ugonjwa uliompata bondia Muhammad Ali, aliyeambiwa anao mwaka 1984 na kuishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao.

Hapa nchini, picha nzuri zaidi tuliyonayo imetoka wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Katikati ya miaka ya 2000, madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza, pamoja na wenzao wa Kitanzania, waliendesha utafiti wa nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana Parkinson. Walikuwa wakiishi nao tu, wengine wakidhani ni uzee.

Nautaja utafiti huo kwa sababu wazee wa aina hiyo sasa tunaishi nao. Huku Boko, Bunju na Tegeta, nyumba nyingi zimejengwa na watu wa rika langu, na wengi wetu tumewaleta wazazi kutoka mikoani waje kukaa nasi. Mzee anafika, anaonekana amepunguza mwendo, hali vizuri, amekonda. Majirani wanaanza kunong'ona kuhusu kifua kikuu, Ukimwi au mkono wa mtu. Hakuna anayeuliza kuhusu choo chake.

Matatizo huanza zamani

Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, mrefu kutoka kooni hadi njia ya haja kubwa, na ndio unaosukuma chakula kwenda mbele. Katika Parkinson mishipa hiyo nayo inaugua. Protini ile ile inayojikusanya ndani ya seli za ubongo na kuziua, iitwayo alfa-sinukleini, imekutwa pia kwenye mishipa ya utumbo. Matokeo yake ni kwamba mfereji mzima unakuwa mzito, kama mikono na miguu ilivyo mizito.

James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1817 baada ya kuwachunguza watu 6 tu, aliona hata wakati ule kwamba matumbo ya wagonjwa wake yalikuwa mazito kupata choo. Mwaka 2003 mtaalamu wa Ujerumani, Heiko Braak, alipendekeza kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huanzia tumboni au puani, kisha hupanda kidogo kidogo hadi kwenye ubongo. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu hilo. Lakini huko Honolulu, Marekani, wanaume waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionyesha kitu ambacho hakibishaniwi sana: waliokuwa wakipata choo chini ya mara moja kwa siku walikuja kuugua Parkinson karibu mara 3 zaidi ya waliokipata mara moja kila siku.

Msomaji mwenye choo kigumu asikurupuke. Watu wengi sana hupata choo kigumu na wengi wao hawatapata Parkinson maisha yao yote. Lakini kwa mtu wa miaka 60 ambaye choo kimebadilika, hasikii tena harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, anapiga ngumi na mateke usingizini, na sasa mkono mmoja haubembei anapotembea, dalili hizo zote pamoja zinatosha kumpeleka kwa daktari.

Supu ya asubuhi na kidonge cha saa moja

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo siku hizi huchanganywa na kabidopa katika kidonge kimoja. Ipo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Levodopa hainyonywi kwenye mfuko wa tumbo. Ni lazima ipite hapo, iingie sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo iingie kwenye damu. Mfuko wa tumbo ukichelewa kujimwaga, kidonge kinakaa humo saa nzima au zaidi, mgonjwa amekakamaa anasubiri, na familia inasema dawa haifanyi kazi, pengine ni ya bandia.

Kuna jambo la pili. Levodopa huingia kwenye damu kupitia mlango ule ule unaotumiwa na protini ya chakula, yaani nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage. Vikifika pamoja mlangoni, dawa husukumwa nyuma.

Chukueni mfano wa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, ambaye ni mfano wa wengi ninaowaona. Kila asubuhi anakunywa supu ya mbuzi kwa chapati mbili, anamalizia na chai ya maziwa, na hapo hapo anameza kidonge chake. Supu ina nyama na mafuta, na mafuta huchelewesha mfuko wa tumbo kujimwaga. Ana siku tano bila choo. Anakuja akilalamika kuwa hadi saa 5 asubuhi hawezi kuinuka kwenye kiti, na dozi imeshaongezwa mara mbili. Mtu wa namna hii mara nyingi hahitaji dozi ya tatu. Kidonge kikihamia saa 12 asubuhi kwa maji matupu, chakula kikafuata saa 1, supu ikahamia usiku na choo kikafunguliwa, wiki chache baadaye unaweza kumkuta amekaa barazani anaongea na watu.

Saa yetu ya Kiswahili inasaidia kukumbuka: dawa saa 12, chakula saa 1. Mchana, dawa saa 6, chakula saa 7. Nusu saa hadi saa moja kabla ya kula inatosha. Walioanza dawa karibuni na wanasikia kichefuchefu wanaweza kuimeza na kipande cha biskuti kavu au mkate mtupu, bila maziwa. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma, kama vile FEFO, aviache mbali na levodopa kwa angalau saa mbili, kwa sababu chuma huishika dawa na kuizuia isinyonywe.

Sisemi mzee anyimwe nyama. Anakonda tayari, na protini anaihitaji. Mpeni, ila sehemu kubwa iwe mlo wa usiku. Tena mpango huo ni kwa yule ambaye ameshaona dawa inamwachia katikati ya siku, asiye na shida hiyo ale tu kama kawaida.

Plasil

Hapa naomba msome polepole, hata kama hamna mgonjwa wa Parkinson nyumbani.

Mzee mwenye Parkinson anatapika. Anapelekwa zahanati iliyo karibu, anachomwa sindano ya Plasil, anapewa na vidonge. Plasil ni jina la biashara la metoklopramidi. Inazuia kutapika kwa kuzima dopamini, na inaizima hadi ndani ya ubongo. Mtu ambaye tatizo lake ni upungufu wa dopamini ameongezewa upungufu. Siku mbili baadaye hawezi kugeuka kitandani, hawezi kumeza, na familia inaamini ugonjwa umepanda ghafla au amepata kiharusi. Nimeona mama mmoja aliyefikishwa kwetu akiwa amekakamaa kama ubao, mfuko wake ukiwa na vidonge vya Plasil vya wiki tatu. Mhudumu aliyempa alikuwa anatibu kutapika, hakuambiwa kuwa mama ana Parkinson. Ndiyo maana nawaambia ninyi mlio naye kila siku: semeni.

Ikibidi dawa ya kutapika, domperidoni ni salama zaidi kwa ubongo kwa sababu haiingii humo kwa urahisi. Lakini nayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hivyo iandikwe na daktari, kwa dozi ndogo na kwa siku chache, hasa kama mzee ana ugonjwa wa moyo.

Dawa nyingine za kuziangalia ni prometazini, haloperidoli na klopromazini. Pia sinarizini, inayouzwa kwa jina la Stugeron, ambayo wazee wengi hupewa kwa ajili ya kizunguzungu na kuimeza miaka. Hiyo inaweza hata kumfanya asiye na Parkinson aonekane anayo. Kabla hujakubali kuwa mzazi wako ana Parkinson, mwaga dawa zake zote mezani na mwonyeshe daktari.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo, neno moja. Metoklopramidi inaweza kumfanya mtoto akunje shingo, macho yageuke juu na ulimi utoke nje, wakati akili anayo kabisa. Watu husema degedege, wengine husema mashetani. Mkiona hivyo baada ya dawa ya kutapika, rudini hospitali na dawa mkononi. Hutibika, mara nyingi ndani ya muda mfupi.

Kumfungua choo

Turudi kwa baba wa siku sita. Mambo manne humfunga: utumbo mzito, maji machache, kukaa siku nzima, na dawa. Katika dawa ninaitaja Artane, ambayo hupunguza kutetemeka na ni rahisi kuipata, lakini hukausha kinywa, hufunga choo na huwachanganya wazee akili. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 70, muulizeni daktari kama bado inahitajika. Msiikatishe wenyewe kwa mara moja.

Maji ni kesi ngumu. Mzee anakataa kunywa kwa sababu mkojo unamwamsha usiku na choo kiko uani. Mpeni glasi 6 hadi 8, zote kabla ya magharibi, isipokuwa kama daktari amemzuia kwa sababu ya moyo au figo. Uji mwepesi na maji ya ukwaju vinahesabiwa.

Chakula tunacho. Papai, embe, chungwa pamoja na nyama zake, matembele, mchicha, mlenda, ugali wa dona badala ya sembe nyeupe. Ongezeni pole pole. Makapi mengi bila maji hugeuka udongo tumboni na kumfunga zaidi.

Mzee aende chooni kila siku wakati ule ule, karibu nusu saa baada ya kifungua kinywa, maana tumbo likipokea chakula utumbo mpana huamka. Kuchuchumaa ni mkao mzuri wa kupata choo, ila mwenye Parkinson akichuchumaa hainuki. Nimeona familia zikitoboa kiti cha plastiki na kukiweka juu ya tundu la choo, na fundi wa kuchomelea akafunga bomba la kushikilia ukutani. Kama choo ni cha kukaa, wekeni kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Na mpeni muda. Kumgongea mlango hakumsaidii.

Hayo yasipotosha, kuna dawa. Makrogoli na laktulozi hulainisha choo kwa kuvuta maji, zinaweza kutumika kwa muda mrefu kwa usimamizi. Bisakodili na sanamaki husukuma utumbo, ni za mara chache. Mafuta ya nyonyo na haluli kali ya kumwendesha mzee siku nzima hadi aishiwe nguvu sizipendi, maana anapoteza maji na chumvi, presha inashuka, anaanguka.

Kuna mtego ambao wengi hunaswa nao. Mzee ana wiki bila choo, halafu ghafla anaanza kuchafua nguo kwa choo cha maji. Familia inampa dawa ya kuzuia kuharisha. Kumbe mbele kuna donge gumu limeziba, na maji yanapenya pembeni yake. Dawa ya kuzuia inafunga zaidi. Apimwe kwanza, donge litolewe.

Vilevile, kushiba haraka baada ya matonge matatu, kiungulia na gesi ni dalili za mfuko wa tumbo unaochelewa kujimwaga. Wapo waliotibiwa vidonda vya tumbo mara tatu na nne bila kipimo. Omba kipimo kabla ya dozi nyingine. Milo midogo mara tano kwa siku mara nyingi humpa nafuu.

Kupaliwa

Mate yanayomdondoka mzee si kwamba yameongezeka. Anasahau kumeza. Koo nalo limekuwa zito, na chai au maji huteleza kwenda kwenye njia ya hewa. Nimonia itokanayo na kupaliwa ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa, na mara nyingi huja kimya: homa ndogo, kikohozi baada ya kula, sauti ya majimaji.

Mlisheni akiwa amekaa wima, dawa ikiwa imeshaanza kufanya kazi, televisheni imezimwa. Kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani anapomeza. Uji mzito na wali uliopondwa kwa mchuzi hupita vizuri kuliko maji matupu au wali mkavu. Asilale mara baada ya kula.

Upupu, na mfungo

Wengi wananiuliza kuhusu upupu. Ni kweli, mbegu za mmea ule unaowasha zina levodopa halisi, na wanasayansi wa India waliitenga humo mwaka 1937. Tatizo ni kiasi. Mbegu moja si sawa na nyingine, na upupu hauna kabidopa, ambayo ndiyo inayopunguza kichefuchefu. Daktari George Cotzias alipowapa wagonjwa dopa tupu huko New York mwaka 1967, walinyooka, lakini kutapika kuliwasumbua sana. Kabidopa ilipoongezwa, kidonge kiliitwa Sinemet, jina lililotokana na Kilatini, yaani bila kutapika. Anayechanganya unga wa upupu na vidonge vya hospitali kwa siri anajiongezea dozi bila kipimo. Kama mnautumia, mwambieni daktari, hatawafukuza.

Kwa Waislamu, Ramadhani inapokaribia wahini kliniki mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na wengi wenye dozi nne au tano kwa siku hawawezi kufunga salama. Muulizeni daktari, kisha shehe wenu. Anayekatisha levodopa ghafla anaweza kukakamaa mwili mzima na kupata homa kali inayohatarisha maisha.

Lini kukimbilia hospitali

Tumbo likivimba na kuuma, mzee akitapika na hapitishi hata upepo, msisubiri asubuhi wala msimpe haluli. Utumbo unaweza kuwa umejisokota, na hilo huwapata zaidi wenye choo kizito cha miaka mingi. Damu kwenye choo, au kukonda haraka kusikoelezeka, vinahitaji uchunguzi wa utumbo mpana hata kama Parkinson inajulikana.

Akilazwa, au akiambiwa asile kabla ya upasuaji, mwulizeni daktari au nesi wa wodi: levodopa yake itatolewaje? Kama hawezi kumeza, inaweza kupitishwa kwa mpira wa puani. Andikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa: ana Parkinson, anameza nini, saa ngapi, asipewe Plasil. Nakala moja ikae kwenye mkoba pamoja na kadi ya bima, na nyingine apewe yule kijana wa nyumbani anayebaki na mzee ninyi mkiwa kazini mjini.